Imamu Abu Yusuf: Kadhi Mkuu wa kwanza katika dola ya Kiislamu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwadilifu asiyemdhulumu yeyote hata kwa uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunaitazama historia ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa mara kwa mara katika darsa za fiqhi, lakini kazi aliyoifanya katika kuijenga mahakama ni wachache wanaoifahamu. Naye ni Imamu Abu Yusuf, Yaaqub bin Ibrahim Al-Ansari, Allah amrehemu. Huyu ndiye mtu wa kwanza katika Uislamu kuitwa Qadhil-Qudhat, yaani kadhi wa makadhi, cheo ambacho sisi Waswahili tunakiita Kadhi Mkuu. Maisha yake yote yalizunguka swali moja ambalo kila taifa lenye mahakama ya juu hulazimika kulikabili: je, hakimu aliyewekwa kitini na mtawala anaweza kumhukumu mtawala huyo huyo?

Mtoto wa maskini wa Kufa

Abu Yusuf alizaliwa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 113 Hijria, sawa na mwaka 731 Miladia. Nasaba yake inarejea kwa Saad bin Habta, Swahaba wa Kiansari ambaye siku ya vita vya Uhud alirudishwa na Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya udogo wa umri wake. Nasaba ilikuwa tukufu, lakini nyumba ilikuwa ya kimaskini.

Katika riwaya mashuhuri inasimuliwa kwamba baba yake alifariki angali mdogo, na mama yake akampeleka kwa dobi ili ajifunze kazi na kuleta chochote nyumbani. Kijana akawa anatoroka kazini na kwenda kuketi katika halaka ya Imamu Abu Hanifa. Mama alikuwa akimfuata na kumtoa msikitini kwa kumshika mkono. Alipochoka, alimlalamikia Imamu kwamba anamharibia mwanawe, yatima asiye na kitu, naye humlisha kwa kile kidogo anachokipata kwa kusokota uzi. Abu Hanifa alimjibu kwa upole kwamba kijana huyo anajifunza kula faludhaji kwa mafuta ya pistashio. Faludhaji ilikuwa halwa ya wanga na asali, chakula cha matajiri na wafalme. Mama aliondoka akiamini kuwa mzee yule akili zimempungua.

Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu mwenye uwezo. Alipotambua hali ya mwanafunzi wake, alianza kumpa fedha za matumizi, na kila zilipokaribia kwisha alimpa nyingine bila ya kuombwa. Kwa namna hiyo Abu Yusuf alipata wasaa wa kusoma. Alichukua hadithi kwa wakubwa wa zama zake, wakiwemo Hisham bin Urwa na Al-Aamash. Fiqhi aliisoma kwanza kwa Ibn Abi Layla, aliyekuwa kadhi wa Kufa, kisha akahamia moja kwa moja kwa Abu Hanifa. Kwa mwalimu wa kwanza aliiona kazi ya hukumu ilivyo barazani. Kwa wa pili alijifunza kuipima hukumu hiyo kwa hoja. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya mambo ambayo walimu wake hao wawili walihitilafiana.

Mwalimu aliyekataa ukadhi

Hapa ndugu msomaji tusimame kidogo, kwani ndipo ulipo uzito wa historia hii. Khalifa Abu Jaafar Al-Mansur alimtaka Abu Hanifa awe kadhi, naye akakataa. Alishinikizwa, akashikilia msimamo wake, akatiwa gerezani mjini Baghdad, na akafariki mwaka 150 Hijria (767 Miladia). Wacha Mungu wa zama zile waliuogopa ukadhi kwa sababu walikuwa wakiyakumbuka mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba makadhi ni wa aina tatu, wawili kati yao ni wa motoni, na wa peponi ni mmoja tu, yule aliyeijua haki na akahukumu kwayo. Tena waliona kwamba mtawala anaweza kumtumia kadhi kama kivuli cha kufunikia dhuluma yake.

Abu Yusuf alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu mwalimu wake alipofariki. Miaka kadhaa baadaye, katika utawala wa Khalifa Al-Mahdi, aliitwa kuushika ukadhi ule ule ambao mwalimu wake aliukataa, naye akaukubali. Wapo wanavyuoni waliomlaumu kwa ukaribu wake na kasri, na wapo walioacha kupokea hadithi kutoka kwake kwa sababu hiyo. Vitabu vya visa navyo vimejaa hadithi za hila za kisheria ambazo eti alimtungia Khalifa, nyingi zikiwa ni za kutiliwa shaka. Lakini swali lao halikuwa la upuuzi. Ikiwa wachamungu wote wataukimbia ukadhi, ni nani atakayeketi katika kiti hicho? Na akiketi mchamungu, ni kitu gani kitakachomlinda asigeuke kuwa mtumishi wa aliyemteua?

Kadhi wa makadhi

Abu Yusuf aliwahudumia makhalifa watatu: Al-Mahdi, Al-Hadi, na Harun Ar-Rashid aliyeanza kutawala mwaka 170 Hijria (786 Miladia). Ni Harun ndiye aliyemfanya kuwa Qadhil-Qudhat. Kabla ya hapo makadhi waliteuliwa mara na maliwali wa majimbo, mara na Khalifa mwenyewe. Wanahistoria wameandika kuwa tangu wakati huo Harun hakuwa akimteua kadhi wa Iraq, Khurasan, Sham wala Misri isipokuwa yule aliyependekezwa na Abu Yusuf. Kwa mara ya kwanza uteuzi wa makadhi ukawa unapita katika mkono wa mtu wa elimu, anayejua ni nani anayefaa na nani asiyefaa. Hiyo pia ni sababu mojawapo kubwa ya madhehebu ya Hanafi kuenea katika mahakama za dola ya Bani Abbas. Inaelezwa vilevile kwamba yeye ndiye wa kwanza kuwapa wanavyuoni mavazi yao maalumu, wakatambulikana mbele ya watu.

Cheo hicho hakikumfanya aone kwamba rai yake haikosei. Alipofika Madina alijadiliana na Imamu Malik juu ya kipimo cha pishi ya Mtume (S.A.W.), ile tunayoitumia kutolea Zakatul-Fitri. Watu wa Kufa waliihesabu kuwa ni ratili nane. Wakaletwa watu wa Madina, kila mmoja na pishi aliyoirithi kutoka kwa wazee wake. Abu Yusuf akazipima, akaziona zote zinakaribiana katika ratili tano na theluthi. Hapo hapo akaiacha kauli ya mwalimu wake Abu Hanifa, mtu aliyemlisha na kumsomesha, akaufuata ushahidi.

Bustani ya Khalifa

Miongoni mwa visa vinavyosimuliwa juu yake ni cha Khalifa Al-Hadi, aliyegombea bustani na mtu wa kawaida. Shauri lilifika kwa Abu Yusuf. Kwa dhahiri ya mambo Khalifa alikuwa na haki, kwani mashahidi wake walikuwa wamekamilika, lakini undani wa mambo ulikuwa kinyume. Khalifa alipomuuliza amefanya nini katika shauri lile, Abu Yusuf alimjibu kwamba mpinzani wake anaomba Khalifa aape kuwa mashahidi wake wamesema kweli. Khalifa akauliza kama yeye kadhi anaiona hiyo kuwa ni sheria. Akajibu kwamba hiyo ilikuwa ni rai ya Ibn Abi Layla. Khalifa akaamuru bustani irudishwe kwa mwenyewe.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi elimu ilivyofanya kazi ambayo upanga usingeliweza. Kadhi hakumtukana Khalifa wala hakumwaibisha. Alimfungulia mlango wa kisheria ambao kwao ilimbidi achague baina ya bustani na kiapo cha uongo mbele ya Mola wake.

Inasimuliwa pia kwamba aliukataa ushahidi wa Al-Fadhl bin Rabii, mmoja wa wakubwa wa baraza la Harun. Khalifa alipotaka kujua sababu, Abu Yusuf alieleza kwamba alimsikia mtu huyo akijiita mtumwa wa Khalifa. Ikiwa alisema kweli, basi ushahidi wa mtumwa kwa bwana wake haukubaliki. Na ikiwa alisema uongo kwa kujipendekeza, basi ushahidi wa mwongo haukubaliki. Harun alinyamaza.

Kitabul-Kharaj

Harun Ar-Rashid alimtaka amwandikie mwongozo wa kodi na mapato ya dola, naye akaandika Kitabul-Kharaj, kitabu ambacho kimesalia hadi leo. Anayekifungua akitarajia hesabu tupu hukuta kwanza nasaha nzito: Khalifa anakumbushwa kwamba yeye ni mchunga, na mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Katika kitabu hicho Abu Yusuf alipendekeza kwamba badala ya mkulima kutozwa kiwango kilekile kwa kila kipande cha ardhi, mavuno yawe mengi au machache, atozwe sehemu ya kile alichovuna. Tena anayenyweshea shamba kwa maji yanayotiririka yenyewe alipe sehemu kubwa kuliko anayeyapandisha maji kwa jasho. Alilaani desturi ya kuwauzia matajiri haki ya kukusanya kodi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwakamua raia ili apate faida. Alikataza watu kupigwa, kusimamishwa juani na kuning'inizwa vitu vizito ili walipe.

Hakuwasahau wafungwa. Aliandika kwamba Hazina ya Waislamu iwape fedha za chakula kila mwezi na nguo za masika na za kiangazi, wanaume kwa wanawake, ili wasitolewe nje na minyororo yao kuombaomba. Mfungwa akifa bila jamaa, akoshwe, akafiniwe na azikwe kwa mali ya Hazina. Aliandika pia kwamba mtu asipigwe kwa tuhuma, na kwamba kukiri kulikopatikana kwa kipigo hakuna thamani. Na juu ya yote alimnasihi Khalifa aketi mwenyewe, japo mara moja kwa mwezi au miezi miwili, kusikiliza malalamiko ya waliodhulumiwa na wakubwa, kwani liwali akijua kwamba Khalifa anasikiliza, ataogopa kudhulumu.

Majuto ya mwisho

Siku moja, kama wanavyosimulia wapokezi, Abu Yusuf aliandaliwa faludhaji katika meza ya Harun, naye akatabasamu. Khalifa alipotaka kujua sababu, alimhadithia habari ya mama yake na jibu la Abu Hanifa. Harun alistaajabu, akamwombea rehema Abu Hanifa, akakiri kwamba mzee yule alikuwa akiona kwa jicho la akili kile ambacho wengine hawakioni kwa macho ya kichwa.

Lakini halwa ya kasri haikumsahaulisha hesabu ya Akhera. Maradhi yalipomzidia alimlalamikia Mola wake kwamba katika ukadhi wake wote hakuelemea upande wa mtu yeyote hata kwa moyo, isipokuwa katika shauri moja. Mnasara mmoja alimshitaki Harun Ar-Rashid, na Abu Yusuf hakuwaweka wawili hao sawa katika kikao. Inapokewa kwamba hukumu yenyewe aliitoa dhidi ya Khalifa. Hata hivyo alilia kwa sababu ya kikao kile. Kwake yeye haki ilianzia pale pa kukaa, kabla ya kutamka neno lolote la hukumu.

Alifariki mjini Baghdad mwaka 182 Hijria (798 Miladia). Mwanafunzi wake aliyekwenda kumzuru alimkuta akijadili mas-ala ya kurusha mawe huko Mina, ipi ni bora, kurusha kwa miguu au juu ya mnyama. Alipoaga na kutoka, kabla hajafika mbali alisikia vilio vya msiba.

Elimu yake haikuzikwa pamoja naye. Imamu Ahmad bin Hanbal alianza safari yake ya kutafuta hadithi kwake. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu yake, alikichukua kile kitabu chake juu ya hitilafu za walimu wake wawili, akakijadili mas-ala kwa mas-ala katika Kitabul-Umm. Na cheo chake kimeishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua Kadhi Mkuu na Mahakama za Kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na Zanzibar nayo ina Kadhi Mkuu wake.

Ndugu Waislamu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Allah (S.W.) anatuamrisha tuisimamishe haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu, awe mtu tajiri au maskini. Amri hii haikuteremshwa kwa makadhi peke yao. Baba anayewasikiliza watoto wawili wanaogombana ni kadhi, na mama anayegawa chakula ni kadhi. Ikiwa Abu Yusuf alilia kwa ajili ya kikao kimoja, nasi na tuvitazame vikao vyetu.

Tunamuomba Allah amrehemu Imamu Abu Yusuf na walimu wake, awape makadhi na mahakimu wetu elimu na ujasiri, na atujaalie kuwa miongoni mwa waadilifu. Amin.