George Lansbury: diwani aliyefungwa kwa ajili ya maskini

Kila uchaguzi unapowadia, wagombea wa wadi hutuahidi mengi, nasi aghalabu huwapima kwa unene wa mkoba. Naona yafaa tuyatazame maisha ya George Lansbury, msoshalisti wa Uingereza aliyefariki mwaka 1940.

Alizaliwa mwaka 1859, mwana wa mfanyakazi wa reli, akakulia mashariki mwa London. Mwaka 1884 alihamia Australia na jamaa yake kutafuta neema. Akakumbana na dhiki, akarejea mwaka uliofuata. Tangu hapo umaskini haukuwa hadithi kwake.

Mwaka 1893 alichaguliwa kuingia katika bodi iliyosimamia misaada ya mafukara mtaani Poplar. Alidai waliohifadhiwa katika nyumba za maskini walishwe na kuvishwa kama binadamu. Mwaka 1919 chama cha Labour kilitwaa baraza la Poplar, naye akawa meya. Baraza hilo liliweka mshahara wa chini wa pauni 4 kwa wiki kwa wafanyakazi wake, wanawake sawa na wanaume.

Tatizo lilikuwa fedha. Kila mtaa ulilisha maskini wake kwa kodi ya majengo yake wenyewe. Poplar ilikuwa na wahitaji tele na majengo duni. Westminster ilikuwa na majumba ya fahari na wahitaji wachache. Mwaka 1921, Lansbury na wenzake walikataa kukusanya kodi iliyopaswa kupelekwa kwa mamlaka kuu za London. Madiwani 30, wanawake wakiwamo, walitupwa gerezani kwa takriban wiki sita. Hawakusalimu amri. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, mitaa tajiri ikachangia mzigo wa mitaa maskini.

Simtakasi. Mwaka 1937 alimwendea Hitler akiamini kwamba mazungumzo yangezuia vita. Matumaini hayo yalikuwa ya bure.

Hata hivyo, suala lake ni letu pia. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na ugavi wa mapato baina ya kaunti ungali unatugombanisha. Kwa hiyo, mgombea akibisha mlangoni pako, usimwulize amebeba nini. Mwulize yu tayari kupoteza nini kwa ajili yako.