Mikhail Tsvet: mchunguzi wa majani aliyewezesha dawa kupimwa

Mgonjwa anayepewa vidonge vya malaria katika zahanati ya Chamwino hawezi kujua kwa macho kama ni halisi. Maabara inaweza, kwa njia tuliyoachiwa na mtaalamu wa mimea, Mikhail Tsvet.

Mrusi huyu alizaliwa Asti, Italia, mwaka 1872, akakulia Uswisi. Shahada yake ya udaktari ya Geneva haikutambuliwa Urusi, ikambidi atafute nyingine. Akiwa Warsaw alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akamimina juu yake rangi ya majani iliyoyeyushwa. Rangi zilishuka kwa kasi tofauti, zikajitenga, kijani huku, njano kule. Mwaka 1906 aliita njia hiyo kromatografia. (Tsvet kwa Kirusi ni rangi!)

Wanakemia wakubwa walimpuuza. Vita vikamtoa Warsaw, maradhi yakamdhoofisha, akafariki Voronezh mwaka 1919 akiwa na miaka 47. Njia yake ilifufuliwa Heidelberg mwaka 1931.

Sasa kidonge husagwa, huyeyushwa, na tone lake huwekwa kwenye bamba lenye unga mweupe, kando ya tone la dawa halisi. Kimiminika hupanda na kuyabeba. Doa la kidonge likifikia kimo kile kile, dawa imo. Likififia, dawa ni pungufu. Lisipotokea kabisa, mgonjwa alikuwa akimeza unga mtupu. Wakaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hutumia kipimo hiki katika maabara ndogo za kubebeka, na sampuli yenye shaka hupelekwa maabara kubwa.