Albert Kligman: Daktari wa madoa ya jua na deni la wafungwa wa Holmesburg

MADOA ya hudhurungi yanayojitokeza usoni na nyuma ya viganja vya watu waliokula chumvi nyingi yalichukuliwa kwa muda mrefu kuwa muhuri wa uzee usiofutika. Mmoja wa waliochangia pakubwa kuonyesha kwamba madoa hayo huletwa na jua, na kwamba yanaweza kutibiwa, ni marehemu Albert Kligman wa Marekani. Hata hivyo, katika mji alikozaliwa, sifa zake haziwezi kutajwa bila gereza la Holmesburg kukumbukwa.

Kligman alizaliwa Machi 17, 1916 jijini Philadelphia, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani. Wazazi wake hawakuwa na mali. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mimea, na mnamo 1942 alitunukiwa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa utafiti wa kuvu. Baadaye aligeukia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1947.

Mwaka huo huo, mjini Nuremberg, Ujerumani, majaji waliowahukumu madaktari wa utawala wa Hitler waliweka kanuni kwamba binadamu asifanyiwe majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake ya hiari. Kanuni hiyo ndiyo ambayo ingekuja kuwa kipimo cha maisha ya Kligman.

Mwaka wa 1951 aliitwa katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, ambako ugonjwa wa kuvu wa miguuni ulikuwa umewasumbua wafungwa. Alienda kutibu, lakini macho yake yakaona jambo jingine: mamia ya watu waliofungiwa mahali pamoja, wanaokula chakula kimoja na wasio na uwezo wa kuondoka. Kwa zaidi ya miaka 20, gereza hilo likawa maabara yake.

Wafungwa, wengi wao weusi, walipakwa dawa, manukato na kemikali mgongoni na mikononi ili ngozi zao zichunguzwe. Walilipwa pesa kidogo, ambazo kwa mtu aliye kifungoni zilikuwa vigumu kuzikataa. Wengi hawakuelezwa walichokuwa wakipakwa. Katika jaribio lililogharamiwa na kampuni ya Dow Chemical, wafungwa wapatao 70 walipakwa dioksini, sumu kali. Kumi kati yao walipakwa kiasi kilichozidi mno kile kampuni hiyo ilichokuwa imekubali.

Katika kipindi hicho hicho, Kligman alikuwa akichunguza tretinoini, kemikali itokanayo na vitamini A. Yeye na wenzake waligundua kwamba ilitibu chunusi, na dawa ya Retin-A ikaidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1971. Ilimletea umaarufu na utajiri.

Mnamo 1975, yeye na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa tretinoini, haidrokwinoni na deksamethazoni. Ulijaribiwa kwenye ngozi nyeusi isiyo na ugonjwa, ukaondoa rangi yake kwa wiki chache. Ulisaidia pia kutibu melasma, yaani mabaka ya usoni yanayowapata hasa wanawake. Lakini madoa ya uzee yalibaki sugu.

Jibu lilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Wanawake wa makamo waliotumia tretinoini kutibu chunusi walieleza kwamba ngozi zao zimekuwa laini zaidi. Mwaka wa 1986 Kligman na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba dawa hiyo hurekebisha kwa kiasi fulani ngozi iliyoharibiwa na jua. Pamoja na mkewe Lorraine, ambaye pia alikuwa mtafiti, alisisitiza kwamba sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita uzee wa ngozi ni kazi ya jua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliyapima madoa yenyewe. Matokeo yao ya mwaka wa 1992 yalihusu wagonjwa 58 waliotibiwa kwa miezi 10, wengine kwa tretinoini na wengine kwa krimu isiyo na dawa. Miongoni mwa waliokuwa na madoa usoni, madoa yalififia kwa wagonjwa 20 kati ya 24 waliopewa dawa, na kwa 8 pekee kati ya 28 ambao hawakuipata. Mwishoni mwa 1995, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha krimu ya tretinoini kwa ngozi iliyoharibiwa na jua. Mwaka huo huo, gereza la Holmesburg lilifungwa.

Majaribio humo yalikuwa yamekomeshwa mwaka wa 1974. Mnamo 2000, takriban wafungwa 300 wa zamani walimshtaki Kligman, chuo chake na kampuni zilizohusika, lakini kesi ikatupwa kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umepita. Kligman alifariki Februari 9, 2010, akiwa na umri wa miaka 93. Hadi mwisho alishikilia kwamba kazi yake ilifuata taratibu za wakati wake.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka wa 2021, na jiji la Philadelphia likafuata mwaka wa 2022. Wengi waliostahili kuisikia radhi hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Urithi wa Kligman umefika mbali. Madaktari wa ngozi bado hutumia tretinoini, na wakati mwingine haidrokwinoni kwa uangalizi wa karibu. Nchini Kenya, vipodozi vyenye haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwa sababu ya madhara yake kwa wanaojichubua.

Tiba hiyo imewafaa wengi, na hilo halikanushiki. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo mgonjwa hutia saini kukubali utafiti baada ya kuelezwa dawa ni ipi na hatari zake ni zipi. Wanaume wa Holmesburg walinyimwa maelezo hayo, na makovu waliyoyapata hayakuwa na krimu ya kuyafuta.