Ken Miles: motokari ishike barabara kwanza, motere baadaye

Fundi yeyote mwenye garaji hapa Lubumbashi, awe Katuba ao Kampemba, anajua ombi hili. Mtu analeta motokari ya zamani, ya Marekani, isiyo na paa, yenye sauti nzito, na swali lake la kwanza ni motere: ipi kubwa zaidi inaweza kuingia chini ya kapo? Mambo ya freni haulizi. Mambo ya kona haulizi. Leo tunaeleza maisha ya Ken Miles, mtu ambaye kujibu swali hilo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na kazi hiyo njo ilimuua.

Alizaliwa tarehe 1 Novemba 1918 kule Sutton Coldfield, karibu na Birmingham, Uingereza. Alijifunza ufundi akiwa kijana kwenye kampuni ya motokari ya Wolseley. Vita ya pili ya dunia ilimkuta mu jeshi, upande wa vifaru, akafika cheo cha sajenti. Vita ilipoisha akarudia motere na mbio, na mwaka 1952 akahamia California, Marekani, kufanya kazi kwa wauzaji wa motokari za MG. Mke wake aliitwa Mollie, mtoto wao Peter.

MG za wakati ule zilikuwa ndogo, motere ya litre moja na robo tu. Miles hakulalamika. Alijenga motokari yake mwenyewe na vipande vya MG, nyepesi, ya chini, wazi juu, na mwaka 1953 akashinda nayo mbio 14 mfululizo. Hapo unaona akili ya huyu mtu. Kilo unayoondoa kwenye motokari inakusaidia kuondoka, inakusaidia kusimama, inakusaidia mu kona. Motere kubwa inakusaidia kuondoka peke yake, tena inaongeza uzito mbele.

Mwaka 1963 alipata kazi moja ndogo ambayo bapenda motokari za wazi wanapaswa kuijua. Ian Garrad, mtu wa kampuni ya Kiingereza Rootes kule California, alikuwa anauza Sunbeam Alpine, motokari nzuri ya wazi, lakini motere yake ya silinda 4 ilikuwa dhaifu. Alitaka kujua kama motere ya Ford ya silinda 8, litre 4,2, inaweza kuingia mule. Carroll Shelby, mwenye karakana inayojulikana, aliomba dola 10,000 na wiki nane. Garrad hakuwa na roho ya kungojea. Alimpa Miles dola 800, na Miles akamaliza ku wiki moja hivi, na jiaboksi ya otomatiki ya vitesi mbili tu. Haikuwa kazi ya kupendeza macho. Ilikuwa kazi ya kujibu: inaingia? Inapoa? Inaendeshwa? Majibu yote yalikuwa ndiyo. Shelby naye akatengeneza ya kwake, iliyokamilika zaidi, ikapelekwa Uingereza, na mwaka 1964 ikatoka Sunbeam Tiger. Sababu moja kubwa ya kufaulu: ile motere ya Ford ilikuwa imemiminwa kwa chuma chembamba, haikuwa nzito sana kwa ukubwa wake. Mtu akichagua motere kwa kuangalia litre tu, bila kuuliza kilo, hapo njo anapotea.

Mwaka ule ule wa 1963 Miles akaingia kwa Shelby. Kule kulikuwa Cobra: mwili wa kiingereza wa AC, mdogo, bila paa, na V8 ya Ford ndani. Wakaanza na litre 4,2, wakapanda mpaka 4,7, na ilikuwa inashinda. Halafu wakasema, tuweke ya litre 7. Miles njo alipewa kuijaribu, kwenye mbio za Sebring, Florida, Machi 1964. Shasi ilikuwa bado ile ya zamani, na resore za vyuma vya kupangana, sawa zile za kamio. Nguvu ilikuwa nyingi, lakini chini hapakuwa na kitu cha kuishika. Mu mazoezi Miles akagonga mti. Wakatengeneza, akaingia mbio, motere ikafa kabla ya mwisho. Mimi naona ule mti ulikuwa mwalimu wa bei nafuu, kwa sababu kisha hapo Cobra ya litre 7 ilipewa shasi mpya kabisa: mabomba makuu yakatoka inchi 3 kufika inchi 4, na resore za kujizungusha zikawekwa ku magurudumu yote.

Kwa nini mabomba manene? Chukua katoni ya biskuti, uifunge kifuniko, jaribu kuinyonga na mikono miwili: inakataa. Ondoa kifuniko, inyonge tena: inapinda bila shida. Motokari bila paa ni ile katoni isiyo na kifuniko. Ikianza kujinyonga mu kona, hata ukinunua amortisere ya bei gani, haitafanya kazi, kwa sababu mahali inaposhikiliwa panatembea. Njo maana kwa motokari ya wazi, kuimarisha shasi chini na kuunganisha pande mbili za mbele chini ya kapo vinatangulia motere. Mwaka 1968, Miles alikuwa amekwisha kufa, Shelby alipouza Mustang za wazi aliziweka chuma kinene nyuma ya vichwa vya abiria. Kile chuma kinalinda watu kama motokari ikipinduka.

Tena kuna upepo. Cobra ya wazi kwenye barabara ndefu ya Le Mans ilikuwa inakwama karibu kilometa 250 kwa saa. Peter Brock alipochora mwili wenye paa, watu wengi kwa Shelby walimcheka. Miles alimuunga mkono na akaijaribu yeye mwenyewe. Motere ileile, lakini ikapita 290.

Kazi ambayo mafundi wetu wangeielewa haraka zaidi ni ya Mustang GT350, iliyotoka Januari 1965. Ford ilikuwa inauza Mustang nzuri kwa macho, laini kwa kona. Miles na wenzake waliiendesha, wakabadilisha kitu, wakaiendesha tena. Mikono ya juu ya mbele ikashushwa inchi moja mahali inaposhikiliwa, ili mwili ukiinama mu kona mpira ubaki umelala sawasawa chini. Amortisere za Koni, chuma kinene cha kuzuia kuinama, freni za diski mbele na ngoma pana nyuma, kiti cha nyuma kikatolewa. Motere? Ilitoka farasi 271 kufika 306. Hiyo ni ongezeko dogo tu. Tarehe 14 Februari 1965, kule Green Valley, Texas, Miles alishinda mbio ya kwanza ya ile Mustang, na kuna picha yake maarufu magurudumu yote manne yakiwa hewani.

Hapa kwetu kuna jambo lingine la kufikiri. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, hewa ni nyembamba kidogo. Motere ya zamani yenye karburatere iliyopangwa kwa mji wa pwani inapoteza hapa karibu sehemu moja ya nane ya nguvu yake, na inakunywa esanse bure. Kabla ya kulipa motere mpya, panga karburatere. Na kushusha motokari kama ya mashindano, na mashimo ya wakati wa mvua, mimi siwezi kumshauri mtu.

Mwaka 1966 ulikuwa wake. Februari alishinda saa 24 za Daytona pamoja na Lloyd Ruby, Machi wakashinda saa 12 za Sebring, tena na Ford isiyo na paa. Juni kule Le Mans alikuwa mbele, wakubwa wa Ford wakaamuru motokari zao zifike pamoja kwa ajili ya picha. Ushindi ukapewa Bruce McLaren na Chris Amon, kwa kuwa walianzia mita chache nyuma, maana yake walitembea zaidi. Miles na Denny Hulme wakawa wa pili.

Tarehe 17 Agosti 1966, kule Riverside, California, Miles alikuwa anajaribu Ford mpya inayoitwa J-car, mwili wake wa bati jepesi la alumini lililogandishwa sawa nyumba ya nyuki. Mwisho wa barabara iliyonyooka ikamtoka mikononi, ikapinduka, ikavunjika vipande, ikawaka. Alikufa palepale, miaka 47.

Ford ilibadilisha umbo lake na kuweka ndani yake fremu ya vyuma. Juni 1967 motokari hiyo ilishinda Le Mans na Dan Gurney na A. J. Foyt. Mu mbio ileile Mario Andretti aligonga vibaya na nyingine ya namna hiyo. Ile fremu ilisimama, na Andretti akatoka mzima na mbavu za kuvunjika.