Sista Irene Nyaatha: Aliyewaandikia Barua Walioondoka Nyumbani

Wapendwa wana wa nyumbani, mlio hapa Gikondi na mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo,

Kabla hatujafika kwenye hesabu na maombi ya mchango wa mwaka huu, tunaomba mtupe dakika chache tumkumbuke mtu ambaye hakuzaliwa kwetu lakini alifia kwetu. Huyu ni Mwenye Heri Sista Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha. Picha yake iko ukutani katika nyumba nyingi za Nyeri. Hata hivyo, vijana wengi, hasa waliozaliwa mjini, wanalijua jina tu. Tumeona ni vyema tueleze maisha yake kwa utaratibu, na zaidi kazi yake moja ambayo haitajwi sana.

Kutoka Anfo hadi Mombasa

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, kaskazini mwa Italia. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mercede. Anfo ni kijiji cha milimani kando ya ziwa, kwa hiyo kupanda na kushuka miteremko alikuzoea tangu utotoni. Nyumbani kwao walizaliwa watoto kumi na wawili. Mama yao alipofariki, Mercede alikuwa bado msichana, na sehemu kubwa ya mzigo wa kuwalea wadogo zake ilimwangukia yeye.

Mwaka wa 1911, akiwa na miaka 19, alikwenda Turin kujiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata. Shirika hilo lilikuwa changa mno, kwani Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu uliotangulia. Huko alipewa jina la kitawa la Irene, maana yake amani. Aliweka nadhiri zake tarehe 29 Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli kuja Afrika. Alifika Mombasa Januari 1915. Tangu siku hiyo hakuiona Italia tena.

Miaka ya wapagazi

Alifika wakati Waingereza na Wajerumani walikuwa tayari wanapigana katika Afrika Mashariki. Barabara zilikuwa chache, na punda na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Chakula, risasi na mahema ya jeshi vilibebwa na watu, kichwani na mabegani. Mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni iliwakamata vijana kwa wingi katika nchi ya Wagikuyu na kwingineko ili wawe wapagazi. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, malaria, kuhara damu na homa ya mapafu. Leo tunapopita Kariakor jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, tunapita penye jina la kikosi chao.

Sista Irene alipelekwa kuwahudumia wapagazi hao katika hospitali za kijeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Aliosha vidonda, aligawa dawa, aliwalisha wasioweza kuinua mkono. Wagonjwa walitoka makabila mengi na wengi walikuwa mbali sana na mtu yeyote wa kwao. Katika vitabu vya jeshi mpagazi alikuwa namba. Kwa Sista Irene alikuwa mtoto wa mtu, na kuna mama mahali fulani aliyekuwa akimngoja.

Tukio moja la Kilwa Kivinje limesimuliwa sana na wanaojua maisha yake. Siku moja alikuta kitanda cha mgonjwa mmoja kiko wazi. Mgonjwa huyo alikuwa akijifunza dini kwake, lakini wahudumu walidhani amekufa, wakamchukua pamoja na maiti wengine hadi ufukweni. Sista Irene alitoka akaenda huko, akawaondoa wafu mmoja baada ya mwingine mpaka akamfikia yule mtu. Alikuwa bado anapumua. Hakufa amesahauliwa katika rundo la maiti. Alifariki baadaye akiwa amebatizwa na akiwa na mtu kando yake.

Miaka kumi ya Gikondi

Vita vilipokwisha alirudi milimani, na kuanzia 1920 hadi kifo chake aliishi katika misheni ya Gikondi. Huku ndiko wanakijiji walikomzoea na buti zake nzito, rozari mkononi, akipanda na kushuka miteremko yetu kwa miguu. Alifundisha shuleni mchana. Baada ya masomo alianza safari ya kuwatembelea watu boma kwa boma. Aliwauguza wagonjwa, aliwasaidia kina mama kujifungua, na aliwachukua watoto wachanga walioachwa bila mtu. Hakungoja watu waje misheni, bali aliwafuata walikokuwa.

Hakukubaliwa na wote tangu mwanzo. Mzungu, tena mwanamke, kuja bomani na kuuliza habari za wagonjwa na watoto lilikuwa jambo la kutiliwa shaka, hasa katika nchi iliyokuwa imetoka kuchukuliwa vijana wake kwa nguvu. Jibu lake lilikuwa kurudi kesho yake, na kesho kutwa. Polepole watu wakampa jina. Katika Kigikuyu neno tha ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma. Jina hilo halikutoka kwa askofu wala Roma. Lilitoka kwa nyanya na babu zetu, miaka mingi kabla Kanisa halijamtangaza.

Barua

Sasa tufike kwenye ile kazi isiyotajwa sana. Miaka ya 1920 ndiyo miaka vijana wa vijiji vyetu walipoanza kuondoka kwa wingi kutafuta kazi. Kodi ya nyumba ilidai fedha taslimu, na fedha zilikuwa Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya walowezi. Kijana akishaondoka, nyumbani hakukuwa na njia ya kujua kama yu hai, kama ameajiriwa, au kama amepotea. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika.

Nyaatha akawa karani wa kina mama hao. Walimweleza maneno yao, naye akayaandika. Jibu lilipofika, aliwasomea. Vijana wengine aliwaandikia mwenyewe, kwa kuwa walikuwa wanafunzi wake, akiwauliza hali zao na kuwapa shauri kama mzazi. Kwa kuwa mchana ulijaa shule na safari, kazi hiyo ya kuandika ilimlia saa za usiku.

Ni kazi ndogo machoni pa watu. Haina jengo wala jiwe la msingi. Lakini fikiria ilimaanisha nini kwa mama aliyekaa miezi mingi bila habari za mwanawe. Fikiria pia ilimaanisha nini kwa kijana aliyelala kwenye banda la vibarua mjini, akapokea karatasi inayomwambia kwamba kwao bado wanamtaja. Kuna familia ambazo hazikuvunjika kwa sababu mtu mmoja alikubali kukesha ili mawasiliano yasikatike.

Kifo na yaliyofuata

Mwaka wa 1930 tauni iliingia Gikondi. Mmoja wa waliougua alikuwa mwalimu ambaye siku za nyuma alikuwa amempinga na kumsumbua. Sista Irene alikwenda kumuuguza mwenyewe, akamhudumia hadi akafariki mikononi mwake. Siku chache baadaye naye aliugua. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri.

Habari zake hazikuishia kaburini. Januari 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, watu wapatao 270 walizingirwa kwa siku kadhaa ndani ya kanisa la Nipepe, mkoa wa Niassa. Maji yaliyokuwapo yalikuwa yale machache ya kisima cha ubatizo, gogo lililochongwa. Walimwomba Sista Irene awaombee. Maji hayo yalitosha watu wote kunywa, na hata kumwosha mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa humo, aliyepewa jina la Irene. Kanisa lililichunguza tukio hilo na kulikubali kuwa muujiza.

Tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, alitangazwa Mwenye Heri mbele ya umati mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza ibada kama hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Aliyeongoza kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko ni Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ule ule ambako Sista Irene aliwauguza wapagazi.

Neno kwetu sisi

Si wote wanaosoma kijitabu hiki ni Wakatoliki, na hilo halizuii kumwelewa Nyaatha. Mtoto wa Anfo alitembea miteremko yetu kwa miaka kumi kwa sababu aliwahesabu watu wa hapa kuwa watu wake. Sisi tuliozaliwa hapa hatuhitaji kuvuka bahari ili kufanya hivyo.

Leo barua imekuwa simu, na ujumbe hufika kwa sekunde moja. Hata hivyo wapo wazazi wanaokaa mwaka mzima bila kusikia sauti ya mtoto wao. Wapo watoto wenye akili njema wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na wagonjwa wanaokosa nauli ya kufika hospitalini. Chama chetu kipo ili kamba kati ya walioondoka na waliobaki isikatike.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Jaza kiasi unachoweza, kiwe kikubwa au kidogo. Na kabla hujaifunga bahasha, pigia mtu mmoja wa nyumbani ambaye hamjasemezana siku nyingi. Hilo halihitaji hata shilingi ya harambee.