Lamborghini: Fundi wa trekta aliyeweka shamba la wazazi rehani

UKITAJA jina la Lamborghini mbele ya vijana wa mjini, kinachowajia kichwani ni gari la mbio, la chini, la rangi kali na la bei isiyosemeka. Ni wachache wanaojua kwamba jina hilo lilibandikwa kwanza kwenye trekta, na kwamba mwenye jina alikuwa mtoto wa mkulima wa zabibu.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa Aprili 28, 1916 katika kijiji cha Renazzo, wilaya ya Cento, kaskazini mwa Italia. Eneo hilo ni tambarare yenye udongo mzuri, na familia yake iliishi kwa kilimo. Yeye hakuvutiwa na kupalilia. Alipenda kushinda kwenye banda la zana, akifungua na kufunga vyuma, na baadaye alipelekwa kusomea ufundi mitambo karibu na Bologna.

Mwaka 1940 aliingizwa katika jeshi la anga la nchi yake na kupelekwa kisiwa cha Rhodes, ambako alifanya kazi ya ufundi wa magari na hatimaye kusimamia karakana. Kisiwani hapo spea zilikuwa haba, hivyo fundi alilazimika kutoa kifaa kwenye gari lililokufa na kukifunga kwenye linaloweza kufufuka. Waingereza walipokitwaa kisiwa mwaka 1945 walimchukua mateka, akarudi nyumbani mwaka uliofuata.

Alifungua gereji ndogo mjini Pieve di Cento. Mwaka 1947 mke wake, Clelia, alifariki dunia akimzaa mtoto wao wa kiume, Tonino. Ferruccio alibaki na mtoto mchanga, na gereji ambayo bado haijasimama.

Jioni, kazi za wateja zikiisha, aligeukia gari lake mwenyewe, Fiat Topolino kuukuu. Hilo ni gari dogo mno, injini yake ina ukubwa wa cc 569 tu, kama pikipiki kubwa. Alilifumua lote. Alipanua silinda hadi injini ikafikia cc 750, akaiondoa bodi ya kiwandani na kulitengenezea nyingine ya wazi yenye viti 2. Mwaka 1948 aliliingiza kwenye Mille Miglia, mashindano ya barabarani kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Alikwenda kilomita kama 1,100, kisha katika mji wa Fiano, karibu na Turin, gari likagonga ukuta wa mgahawa na safari ikaishia hapo. Aliachana na mashindano.

Kilichomtoa kimaisha ni skrepa. Baada ya vita, Italia ilijaa magari ya kijeshi yaliyotelekezwa, na serikali iliunda chombo maalumu, ARAR, cha kuyauza. Wakati huohuo wakulima wa tambarare ile walihitaji trekta, lakini mpya zilikuwa ghali na chache. Lamborghini alinunua injini za malori ya Morris zenye silinda 6 pamoja na difu za magari ya Kimarekani, akaziunganisha kuwa trekta aliloliita Carioca. Alilionyesha kwa wananchi Februari 3, 1948, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji wa Cento, siku ambayo wakulima wengi huwa mjini. Hakuhitaji tangazo.

Hapa kuna jambo ambalo mimi kama mchumi naliona kubwa kuliko trekta lenyewe. Injini za Morris zilitumia petroli, na petroli ilikuwa ghali kwa mkulima. Lamborghini alibuni kifaa cha kuyapasha na kuyageuza mafuta kuwa mvuke, hivyo trekta liliwashwa kwa petroli kidogo na likishapata moto likahamia kwenye mafuta mazito ya bei nafuu. Anayelipia mafuta ya kulimia kila msimu ataelewa mara moja. Mkulima haumizwi na bei ya kununulia peke yake. Humalizwa pia na gharama ya kila ekari.

Alipoona soko limeitika, alichukua hatua ambayo benki nyingi zingemshauri asiichukue. Aliweka rehani shamba la familia, akakopa na kununua injini 1,000 za Morris kwa mkupuo. Kama trekta zingekwama, wazazi wangebaki bila ardhi. Hazikukwama. Mwaka 1951 alitoa modeli ya L33, ambayo karibu vifaa vyote vilitengenezwa kwake isipokuwa injini. Mwaka 1952 ilipita sheria iliyoanzisha mfuko wa mikopo nafuu kwa wakulima wanaonunua mashine zilizotengenezwa Italia, na viwanda kama chake vilineemeka. Bidii ilikuwepo, lakini sera nayo ilimbeba. Baadaye aliongeza kiwanda cha vifaa vya kupasha joto majumbani na vya viyoyozi.

Fedha zilipokuja, alinunua magari ya kifahari, yakiwamo ya Ferrari. Inasimuliwa kwamba klachi ya Ferrari yake ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, akaamua kuifungua katika karakana yake na kukuta ni ya aina ileile aliyokuwa akifunga kwenye trekta. Alikwenda kulalamika kwa Enzo Ferrari, akajibiwa kwa dharau kwamba dereva wa trekta hajui magari. Masimulizi yanatofautiana kuhusu nini hasa kilisemwa. Lisilo na ubishi ni kwamba mwaka 1963 alijenga kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, na mwaka 1964 gari la 350 GT likaanza kuuzwa. Mwaka 1966 lilifuata Miura, lenye injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti, gari ambalo wahandisi wake vijana walianza kulibuni usiku baada ya saa za kazi.

Magari yalimpa jina, lakini trekta ndizo zilizokuwa zikilisha kampuni. Mwaka 1971 Bolivia ilipinduliwa serikali, na oda kubwa, inayotajwa kuwa ya trekta 5,000, ikafutwa wakati kazi imeshaanza. Muuza nyanya aliyewahi kujaza lori kwa ahadi ya mnunuzi mmoja anaijua hali hiyo, tofauti ni ukubwa wa lori tu. Mwaka 1972 aliuza asilimia 51 ya kiwanda cha magari kwa Georges-Henri Rossetti, mfanyabiashara wa Uswisi. Mwaka 1973 biashara ya trekta ikachukuliwa na SAME, kampuni nyingine ya trekta ya Italia, na mwaka 1974 aliuza hisa zake za magari zilizobaki.

Hakungoja kufilisika. Alihamia kwenye shamba lake la Panicarola, kando ya ziwa Trasimeno, akalima zabibu na kutengeneza mvinyo. Mmoja aliupa jina lenye maana ya damu ya Miura, kwani ni nani angeacha kuliuza jina kama hilo?

Alifariki Perugia Februari 20, 1993 akiwa na umri wa miaka 76. Trekta za Lamborghini bado zinatengenezwa, chini ya kundi la SDF lililotokana na SAME, na kiwanda cha magari kimekuwa mali ya Audi tangu 1998. Kampuni hizo mbili hazihusiani tena, isipokuwa kwa jina. Miura zilizotengenezwa ni zaidi kidogo ya 750, na waliobahatika kuwa nazo hulipa mafundi fedha nyingi kuzirudisha katika hali ya kiwandani. Kuna wengine, wengi wao wakulima, wanaokusanya Carioca na kuzifufua wenyewe kwenye mabanda ya nyumbani.