Hans Berger na mwandiko wa ubongo

Katika kitivo chetu tumezoea kusoma maisha ya watu wa lugha: Saussure, Meinhof, Guthrie na wenzao. Safari hii nawaomba wasomaji wa jarida letu wanivumilie niwasimulie maisha ya daktari. Hakuandika sarufi wala hakufundisha isimu. Lakini chombo alichokiacha ndicho kinachotumika leo kumwuliza swali mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa wala kuinua kidole, na kujua kama swali limemfikia. Sisi tunaofundishwa kila mwaka kuhusu msemaji, msikilizaji na ujumbe, tuna sababu ya kumfahamu mtu huyu, pamoja na yale yasiyopendeza katika maisha yake.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 huko Neuses, kijiji cha karibu na mji wa Coburg nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, na hapo mwanafunzi wa lugha lazima asimame kidogo. Rückert (1788–1866) alikuwa mshairi na profesa wa lugha za Mashariki, kwanza Erlangen, kisha Berlin. Alijifunza Kiarabu, Kiajemi, Kisanskriti na lugha nyingine nyingi, akatafsiri kwa Kijerumani hadithi za al-Hariri na sehemu kubwa ya Kurani, akijitahidi kuhifadhi hata vina vyake. Mjukuu hakumkuta babu yake hai. Sisemi kwamba kazi ya mmoja ilizaa kazi ya mwingine. Waandishi wa maisha ya watu hupenda mno nasaba za namna hiyo. Ila nafurahi kujua kwamba damu ya mfasiri ilikuwamo katika nyumba ile.

Kijana Berger alitaka kusoma hisabati na elimu ya nyota. Hakukaa nayo muda mrefu. Akiwa katika utumishi wa jeshi huko Würzburg, siku moja katika mazoezi farasi wake aliruka ghafla, akaanguka mbele ya gari lililokuwa likivuta mzinga. Gurudumu lilisimama likiwa limebakiza kidogo tu limpondeponde. Jioni ile ile ikamfikia telegramu ya baba yake iliyouliza habari zake. Baba hakuwa na desturi ya kutuma telegramu. Aliituma kwa sababu dada yake Hans, aliyekuwa mbali kabisa na Würzburg, alikuwa amesisitiza kwamba kaka yake yumo hatarini.

Wengi wetu tungeshukuru Mungu, tukasimulia jambo hilo kwenye karamu, tukaendelea. Berger hakuendelea. Aliamini maisha yake yote kwamba saa ile ya hofu wazo lake lilitoka kichwani mwake likamfikia dada yake. Kama wazo linasafiri, alifikiri, basi lina nguvu, na nguvu lazima ipimike. Akaacha nyota, akaingia kwenye tiba. Inafaa kusema wazi kwamba alichokuwa akikitafuta hakukipata, na hakuna aliyekipata hadi leo. Kipimo alichokipata njiani ni kitu kingine kabisa.

Alihitimu udaktari huko Jena mwaka 1897, akaajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili iliyoongozwa na Otto Binswanger, ile ile ambamo mwanafalsafa Nietzsche alikuwa amelazwa miaka michache kabla. Hapo alidumu maisha yake yote ya kazi, isipokuwa miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipotumikia jeshi kama daktari. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake kazini. Mwaka 1919 alichukua nafasi ya Binswanger, na mwaka 1927 akawa rekta wa chuo kikuu. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu wa saa, mkali, mwenye haya, ambaye kila siku ilifanana na iliyotangulia. Mchana aliendesha kliniki. Jioni alijifungia katika chumba kidogo na kufanya majaribio ambayo wenzake karibu wote hawakujua ni ya nini.

Kwa zaidi ya miaka ishirini majaribio hayo yalishindwa. Alipima mzunguko wa damu katika ubongo. Haukumwambia kitu cha maana kuhusu mawazo. Alipima joto la ubongo, vivyo hivyo. Kilichobaki kilikuwa umeme. Mwingereza Richard Caton alikuwa ameshaonyesha mwaka 1875, kwa sungura na nyani waliofunuliwa ubongo, kwamba ubongo hutoa mikondo hafifu ya umeme. Kwa binadamu mwenye fuvu zima hakuna aliyefaulu.

Berger alianza na watu waliokuwa na tundu kwenye fuvu, wengi wao kwa sababu ya upasuaji au majeraha. Mwaka 1924 alipata mtikisiko wa kwanza kwenye galvanometa yake, kutoka kwa kijana wa miaka 17. Wazia udogo wa kitu chenyewe: umeme huo huhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti moja, na mpimaji alikuwa daktari wa akili ambaye elimu yake ya umeme ilikuwa ya kujifundisha. Je, ule mtikisiko ni wa ubongo, au ni mapigo ya moyo? Ni msuli wa paji la uso? Ni ngozi? Ni mgonjwa amepumua? Alichukua miaka mitano kuyaondoa maswali hayo moja baada ya jingine. Alipima moyo wakati ule ule alipopima kichwa, ili ayatofautishe. Alimpima mwanawe Klaus mara nyingi, na hata yeye mwenyewe. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kurekodi wasemaji kijijini, akarudi mjini na kukuta kwamba nusu ya sauti ni upepo, atamwonea huruma.

Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1929. Aliita matokeo yake kwa jina alilolijenga kutoka Kigiriki, ambalo kwa Kiswahili limekuwa elektroensefalogramu, na ambalo mahospitalini hufupishwa kuwa EEG. Tukilipasua tunapata umeme, ubongo, na gramma, yaani kilichoandikwa. Ni mzizi ule ule ulio ndani ya neno gramatika. Berger aliuona mstari ule wenye mawimbi kuwa maandishi. Akayapa mawimbi majina ya herufi: alfa kwa yale makubwa ya mara kumi hivi kwa sekunde, beta kwa madogo yaendayo haraka. Alfa huonekana mtu akitulia na kufumba macho. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kupiga kichwani, mawimbi hayo hupungua au hutoweka. Alionyesha pia kwamba mwandiko hubadilika mtu akilala, akipewa nusu kaputi, akipatwa na kifafa. Kwa mara ya kwanza hali ya fahamu ya mtu ilikuwa imeacha alama kwenye karatasi bila yeye kusema neno.

Ulimwengu wa tiba ulinyamaza. Wataalamu wa umeme wa neva hawakuamini kwamba ubongo mzima ungeweza kutoa wimbi moja la taratibu namna ile. Mwaka 1934 Edgar Adrian, aliyekuwa na Tuzo ya Nobel tayari, akishirikiana na Matthews huko Cambridge, walirudia jaribio na kulithibitisha hadharani. Baada ya hapo jina la Berger likaenea Ulaya na Marekani. Mwaka 1937 huko Paris alipokelewa kwa heshima kubwa. Kwao Jena alibaki karibu peke yake.

Naomba nimwache hapo Paris kidogo nieleze mambo yaliyofuata baada yake, kwa sababu wengi hudhani kwamba mashine ya Berger husoma fahamu kama kipimajoto kisomavyo homa. Sivyo. Kuna wagonjwa walio katika koma nzito ambao kichwa chao hutoa mawimbi yanayofanana na alfa, na fahamu haipo. Kuna wengine ambao macho yao yako wazi, hulala na kuamka, lakini hawafuati amri yoyote. Jamaa huwaita kwa jina miezi na miezi bila jibu. Wimbi peke yake halitoshi kuwatofautisha wanaoelewa na wasioelewa. Ni umbo bila uthibitisho wa maana, na sisi tunajua hatari ya kusoma maana kwenye umbo tupu.

Kilichobadilisha mambo ni swali. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge na Liège walimchukua mwanamke wa miaka 23 aliyehesabiwa kuwa hana fahamu, wakamweka ndani ya mashine inayoonyesha damu inavyokimbilia sehemu za ubongo. Wakamwomba awaze kwamba anacheza tenisi. Halafu awaze kwamba anatembea vyumbani kwake. Ubongo wake uliitika sehemu tofauti kwa kila ombi, kama ubongo wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2010 mgonjwa mwingine alitumia njia hiyo kujibu ndiyo au hapana: tenisi kwa jibu moja, nyumba kwa jingine. Baadaye kazi kama hiyo ilifanyika kwa EEG kando ya kitanda, chombo chepesi zaidi na cha bei nafuu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia mashine zote mbili, ulipima watu 241 wasiofuata amri kwa mwili. 60 kati yao, yaani robo, walizifuata kwa ubongo.

Tazameni kilichotokea hapo kwa jicho letu. Kutikisika kwa ubongo mara moja si jibu. Jibu ni pale mpimaji anapoomba, ubongo unafanya. Anapoomba kupumzika, ubongo unaacha. Tena na tena, kwa wakati wake. Ni zamu ya mazungumzo. Tenisi kuwa ndiyo na nyumba kuwa hapana ni alama ya mapatano, bila uhusiano wowote wa asili kati ya umbo na maana, kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza. Aliyeweza kuitumia alikuwa bado ni mwanajamii wa lugha yake. Nao wanaochunguza jinsi tunavyoelewa sentensi hutumia waya zile zile za Berger: tangu kazi ya Kutas na Hillyard ya mwaka 1980 inajulikana kwamba neno lisilotarajiwa mwishoni mwa sentensi huacha alama kwenye EEG baada ya milisekunde 400 hivi. Mtu akisikia kwamba mama amepika wali kwa misumari, ubongo hushtuka kabla yeye hajacheka.

Sasa turudi kwa Berger, na hapa mambo ni mazito. Tangu Januari 1934 ilitumika nchini Ujerumani sheria ya Wanazi ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi. Orodha ilitaja upungufu wa akili, skizofrenia, kifafa, upofu, uziwi na mengine. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Kesi ziliamuliwa na mahakama maalumu zenye hakimu na madaktari, na aliyepinga alikata rufaa kwenye mahakama ya juu yake. Berger alikaa katika mahakama hiyo ya rufaa ya Jena, na hati zinaonyesha ushiriki wake katika hukumu zilizokataa maombi ya waliokata rufaa. Alikuwa pia mwanachama mchangiaji wa SS.

Mimi sipati njia ya kulainisha jambo hili. Kifafa alichokiona kwenye karatasi yake jioni kilikuwa mojawapo ya sababu za kumpeleka mtu mezani kwa daktari wa upasuaji. Viziwi walikuwa na lugha yao ya ishara, iliyo lugha kamili. Walioitwa wapungufu wa akili waliulizwa maswali ya darasani, na aliyeongea lahaja ya kijijini au asiyesoma vizuri angeweza kuanguka kwa hayo tu. Watu hao walikuwa na midomo, waliongea, wengine waliandika kwa mkono wao wakiomba waachwe. Hawakuhitaji galvanometa ili wasikike. Mtu aliyetumia miaka ishirini na zaidi akitafuta dalili ndogo kabisa ya nafsi ndani ya fuvu, aliweza kusoma barua ya mtu na kutia saini ya kumkatalia.

Mwaka 1938 alistaafu, na maabara yake ikafa pamoja na kustaafu kwake. Alipoombwa mapema mwaka 1941 arudi kusaidia mahakama ile, alikubali. Lakini afya yake ilikuwa imevunjika na huzuni nzito, ambayo yeye kama daktari wa akili aliijua kwa jina, ilikuwa imemshika. Tarehe 1 Juni 1941 alijiua ndani ya kliniki aliyokuwa ameiongoza.

Baada ya vita ilienea habari nyingine: kwamba Berger alikuwa mpinzani wa Wanazi, kwamba walimfukuza kazini kwa chuki, na kwamba ndiyo sababu ya kifo chake. Habari hiyo iliandikwa na watu wenye nia njema na ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi watafiti wa historia ya tiba walipofungua makabrasha ya Jena na Thuringia mwanzoni mwa karne hii. Vitabu vya zamani bado viko kwenye rafu za maktaba nyingi, na mwanafunzi anayekwenda kutafuta maisha ya Berger leo huenda akaanza na hivyo.